Ufa Nyuma ya Kitanda cha Bibi Zélie

Saint-Étienne, 11 Mei 1952

Dada Noémie mpenzi,

Usishtuke kuona mwandiko wangu kabla ya Krismasi. Hakuna aliyekufa. Najua mimi ni mvivu wa kalamu, lakini leo nina haja, na mwenye haja hupata nguvu za kuandika.

Ni kuhusu Mireille. Alipata mafua mwezi wa pili, na kikohozi kikakataa kuondoka, kama yule mjomba wetu Théodule aliyekuja kula Pasaka akakaa mpaka zabibu zikavunwa. Si kitu kikubwa. Daktari anasema ni moshi wa makaa ya mawe wa mji huu, na kwamba mtoto anataka hewa safi, maziwa na jua. Nikamjibu, daktari, hewa safi dada yangu anaamka nayo mlangoni! Basi nataka nimlete kwenu Julai, kiwanda chetu cha utepe kikifungwa kwa likizo.

Tangu Léonce afariki tumebaki wawili tu, na jioni sina hadithi nyingine ya kumpa ila ya bonde letu. Nimemwambia juu ya ngome ya Waingereza iliyobandikwa katikati ya genge la mwamba kama kiota cha mbayuwayu. Nimemwambia juu ya kinu cha maji cha kusagia ngano, na ile chemchemi ya buluu, na lile pango lenye viganja vyekundu vilivyochorwa ukutani na watu wa kale, tulimoingia na mshumaa wa kanisani, tukachapwa wote wawili. Akaniuliza, “Mama, viganja hivyo ni vya wakubwa au vya watoto?” Nikamwambia mama mkubwa atakujibu.

Tupe kile chumba cha nyuma cha Bibi Zélie, chenye ukuta wa mwamba mtupu. Hata jua liwe kali namna gani, mle ndani mtu hulala kama yumo kisimani.

Msalimie shemeji Urbain.

Mdogo wako,
Clarisse


Roquevignal, 19 Mei 1952

Mdogo wangu Clarisse,

Barua yako imenifurahisha sana. Mpe Mireille pole ya kikohozi. Mchemshie maua ya mti wa lindeni, umtilie asali.

Habari za hapa ni njema. Mto Célé umejaa, mvua hazikatiki. Mbuzi wamezaa. Wageni wameanza kuja kutazama ngome mapema kuliko mwaka jana, na Urbain anawapandisha kila siku huku akiwasimulia zile hadithi zake, nusu kweli nusu chumvi.

Ila, Clarisse, kuhusu Julai. Nyumba imejaa wageni. Paa la jikoni nalo linavuja, mafundi watakuwa wanaingia na kutoka. Na Bibi Zélie, mama mkwe wangu unamjua, umri umemfanya mkali, hataki kelele za watoto. Chumba chake hakifai kwa sasa. Si kizuri kwa mtu mwenye kifua. Kina unyevu.

Njooni Oktoba, au mwakani mambo yakitulia. Au nije mimi kwenu?

Jambo moja la kushangaza: wale kunguru wa majabalini, waliokuwa wakitupigia kelele juu ya paa tangu nilipoolewa, wameondoka wote. Asubuhi kumekuwa kimya mpaka mtu unatamani waje wakuudhi.

Dada yako,
Noémie


Saint-Étienne, 26 Mei 1952

Noémie,

Nani amekuambia?

Niambie jina lake tu. Ni Sidonie wa posta? Au yule binamu yenu wa Cahors aliyepita hapa Machi, akakataa hata kunywa kahawa yangu?

Nyumba imejaa, paa linavuja, bibi kizee mkali. Sababu tatu kwa mpigo! Mtu mkweli humtosha moja. Bibi Zélie hataki watoto, yeye aliyetufundisha kuogelea tukiwa uchi mtoni? Na unyevu umeingia lini katika chumba ambamo kila mwaka mlikausha vitunguu saumu?

Kama umesikia maneno, yamekuzwa. Ni kikohozi tu. Sisi si watu wachafu. Nafua shuka zangu kwa maji yanayochemka.

Clarisse


Roquevignal, 3 Juni 1952

Clarisse mpenzi,

Nani ameniambia nini? Nimeisoma barua yako mara nyingi na sijaielewa. Sijasikia neno lolote juu yenu. Nakuapia kwa kaburi la mama.

Mtu anaweza kumfungia mlango ndugu yake kwa sababu nyingine kabisa, si kwa kutompenda. Wakati mwingine ni kwa sababu anampenda. Siwezi kuandika zaidi. Nimempa mtu neno langu, na mtu huyo ndiye anayebandika stempu kwenye barua zangu na kuzipeleka posta, nami sijui kama huwa hazisomi njiani.

Silali vizuri. Nikiwa naosha vyombo nasimama ghafla kusikiliza, mpaka Urbain ananitania, “Mke wangu, unangoja nani? Una mwanamume mwingine?” Nacheka. Naye anacheka, lakini nimemwona akisikiliza pia.

Baki na mtoto huko. Nakuomba. Mwaka huu tu.

Noémie


Saint-Étienne, 14 Juni 1952

Dada,

Nimekuelewa vizuri sana. Nawe nielewe mimi.

Baba yake Mireille alianza hivi hivi, na mafua. Nilikaa nikingoja yapite, nikamzika Machi ya mwaka uliofuata. Safari hii singoji. Tutafika tarehe tano Julai, utake usitake. Kikombe chake na kijiko chake tutakuja navyo, usije ukaogopea vyombo vyako. Ukitufungia mlango tutalala kwenye kinu, na kijiji kizima kitaona jinsi binti mkubwa wa baba yetu, mzee Cantagrel, anavyompokea mdogo wake.

Clarisse


Roquevignal, 17 Juni 1952

Clarisse,

Barua hii nimeitia posta mwenyewe, kijiji cha pili, nimekwenda kwa miguu. Isome mpaka mwisho.

Mwamba unafunguka.

Ulianza Februari, baada ya ile baridi kali. Nilikuwa natandika kitanda cha Bibi Zélie, nikaona nyuma yake mstari mwembamba ukutani, mwembamba kama unywele. Aprili niliweza kuingiza ukucha. Sasa naingiza kiganja, na ndani yake unatoka upepo baridi wenye harufu ya udongo. Ufa unapanda mpaka darini, na nje nimeufuata kwa macho juu ya genge hadi chini ya ngome. Jabali lote lililoiinamia nyumba yetu, lile tuliloliita Pua ya Askofu tukiwa watoto, limeanza kujitenga na mlima.

Urbain alibandika kipande cha kioo juu ya ufa, akakishika kwa plasta huku na huku. Ndivyo wafanyavyo wachimba mawe: mwamba ukisogea, kioo kinavunjika. Kilivunjika. Akasema ni panya. Akabandika kingine. Kikavunjika. Akasema nimekigonga kwa ufagio.

Nimemsihi tutoke. Ananijibu, “Pua ya Askofu ilikuwapo Waingereza wakitupiga, ilikuwapo babu yangu akizaliwa, nawe unataka nimwambie mama yangu ahame kwa sababu ya ufa wa kuingiza mende?” Bibi Zélie naye anasema alizaliwa katika chumba kile na hatatolewa mle ila amebebwa. Urbain akaniapisha nisimwambie mtu. Neno likitoka, hakuna mgeni atakayekanyaga ngome yake, nayo ngome ndiyo roho yake. Si mtu mbaya, Clarisse. Anaogopa kuliko mimi, ndiyo maana anapiga mluzi kutwa nzima.

Neno langu nimelivunja leo. Kesho nakwenda Cahors, kwenye ofisi ya mkoa, nikamtafute mhandisi aje atutoe hata kwa askari. Urbain nimemwambia nakwenda kung'olewa jino. Nitakaa kwa binamu Eulalie.

Msije. Sikujua namna nyingine ya kukuambia, nikakudanganya juu ya paa. Nisamehe.

Dada yako,
Noémie


Roquevignal, 20 Juni 1952

Noémie,

Tupo kwako! Tumekuja mapema, kwa sababu nitakayokueleza uso kwa uso. Tumefika Jumatano jioni, nikiwa nimejiandaa kwa vita, nikakuta adui amekwenda Cahors kung'oa jino. Pole. Urbain amenipa anwani ya Eulalie.

Yote niliyokuandikia kwa hasira, nayafuta. Shemeji alipotuona alisimama kama aliyemwagiwa maji. Akauliza, “Noémie anajua?” Nikamwambia, “Kama hajui, sasa utamwambia wewe.” Akatazama juu ya paa kwa muda, sijui anatazama nini, kisha akambeba Mireille begani mpaka ndani.

Paa la jikoni halivuji, mwongo mkubwa wewe. Wageni ni wanne tu, wanalala kwa padre.

Jana Urbain alitupandisha ngomeni. Mireille alipita ile njia nyembamba bila kushika kamba, moyo ukanitoka. Akachungulia tundu la wapiga mishale akapiga kelele, “Mama, naona paa la chumba changu!” Maana ngome iko juu ya nyumba kabisa, nilikuwa nimesahau. Leo tumekwenda pangoni. Aliweka mkono wake karibu na kile kiganja kidogo, bila kukigusa, akapima kidole kwa kidole. Baadaye alikula mkate na jibini ya mbuzi mpaka nikaona haya.

Anakohoa kidogo zaidi kuliko mjini. Au masikio yangu ndiyo yanayotaka iwe hivyo.

Amelazwa chumba cha nyuma, kitanda chake kando ya kile cha Bibi Zélie, maana ndiko kwenye ubaridi. Wamekuwa marafiki wakubwa, wanaongea mpaka usingizi unawachukua. Anasema mwamba unamwimbia. Anasikia tik, tik, kama mtu anayevunja kokwa ngumu ndani ya ukuta. Bibi Zélie kamwambia ni mababu wanakula. Kulikuwa na kipande cha kioo kimebandikwa pale ukutani, kimevunjika, nikakibandua nikakitupa asije akajikata.

Mvua kubwa ilinyesha usiku kucha na radi imekata waya wa simu. Pona upesi urudi. Nina mengi ya kukuambia, na kalamu inaona ugumu kuliko mdomo.

Mdogo wako mjinga,
Clarisse


Cahors, Jumatatu 23 Juni, asubuhi

Clarisse. Mtoe Mireille nyumbani kwangu sasa hivi. Asilale tena mle, asiingie hata kuchukua nguo. Toka naye, na wengine watoke. Usingoje, usiulize. Dereva ameshawasha basi.

N.


Figeac, kituo cha treni, 23 Juni 1952, jioni

Kwa Bi. Noémie Delsol,

Kadi yako nimeipata. Dereva aliniletea mkononi nikiwa namenya viazi jikoni kwako. Bila shaka aliisoma, maana alinitazama kama anayetazama mbwa mwenye upele.

“Asilale tena mle, asiingie hata kuchukua nguo.” Hata nguo zake unaziogopa! “Na wengine watoke,” ili nyumba ifukizwe dawa, sivyo? Basi usijali, tumeziacha. Kazichome.

Ulitaka kujua, sasa jua. Ndiyo, ni kifua kikuu. Daktari aliniambia Aprili. Tarehe kumi na sita alikohoa damu kwenye mto, na kesho yake nikapanda treni, maana hospitali ya milimani haina kitanda, na sikuwa na mtu mwingine duniani wa kumkimbilia ila wewe. Nilificha. Ndiyo. Mama gani asingeficha? Lakini wewe ulijua, ukakaa Cahors ukinywa chai ya Eulalie, ukatufukuza kwa kadi iliyo wazi, kwa mkono wa dereva.

Nilimshika mtoto mkono tukatoka hapo hapo, viazi vikiwa sufuriani. Urbain alikuwa ngomeni na wageni wake, sikumuaga. Ilikuwa saa ya chakula, hakuna aliyetuona. Bibi Zélie peke yake alitufuata na fimbo yake mpaka darajani. Akauliza, “Nimewakosea nini, wanangu?” Akamvisha Mireille skafu yake, akageuka akarudi ndani. Ng'ambo ya daraja tulipata lori la muuza divai, likatuleta hapa.

Mireille ananiuliza kama amefanya jambo baya. Nimwambie nini?

Usiniandikie tena. Kuanzia leo mimi sina dada.

Clarisse Fargeas


Saint-Étienne, 25 Juni 1952

Noémie, Noémie,

Nimefika nyumbani nikaikuta chini ya mlango. Barua yako ya tarehe kumi na saba. Ilifika sisi tukiwa njiani. Nimeisoma nikiwa nimesimama, koti mwilini, kisha nikakaa sakafuni.

Nilikibandua kile kioo mimi. Kwa mkono wangu.

Pua ya Askofu imeanguka? Niambie haijaanguka. Nimekwenda posta kupiga simu, wanasema waya wa bonde bado umekatika. Nimetuma telegramu, hakuna jibu. Nimemwuliza muuza magazeti kama kuna habari kutoka mkoa wenu wa Lot, akasema huko hakutokei habari.

Bibi Zélie alirudi ndani. Nilimwona. Niligeuka mara moja tu, nikamwona akifunga mlango. Ungeandika neno moja, “mwamba”! Neno moja! Nisamehe, sijui ninachosema. Nilikuandikia maneno machafu kutoka Figeac. Kama barua ile haijafika, iombe posta wakupe, itie motoni bila kuifungua.

Kila mlango ukigongwa hapa jirani nakimbilia kufungua wangu. Mireille amelala. Yuko hai, anapumua, nasikia kifua chake kikikoroma, na safari hii kukoroma kwake nakushukuru. Nijibu. Hata kama ni neno moja.

Clarisse


Roquevignal, 28 Juni 1952

Mdogo wangu,

Nakuandikia kutoka kwenye kinu, ng'ambo ya mto. Tunakaa hapa. Telegramu yako imefika leo, barua yako pia. Nitakueleza yote mara moja, kisha tusiyarudie.

Barua yako ya furaha, ile ya tarehe ishirini, ilifika kwa Eulalie Jumatatu asubuhi. Niliisomea mlangoni. Nilipofika kwenye vile vitanda viwili nilikimbilia simu. Simu haikufanya kazi. Nilikimbia mpaka kwenye basi, nalo lilikuwa linaondoka. Nilitaka kupanda, lakini mhandisi, aliyenizungusha siku zote hizo, alikuwa ameniahidi asubuhi ile ile kunichukua kwa gari lake akiwa na amri mkononi. Bila mimi asingekuja. Nikaandika kadi juu ya goti. Nilidhani nimeandika “mwamba”. Mpaka niliposoma barua yako nilikuwa na hakika nimeliandika.

Tulitoka Cahors alasiri. Njia nzima nilikuwa namwambia, bwana, endesha haraka, naye ananiambia, mama, barabara ina kona. Tulipofika kona ya mwisho alisimamisha gari mwenyewe. Mto ulikuwa mweupe. Maji yote yalikuwa meupe kama yamemwagiwa chokaa, na juu ya kijiji limesimama vumbi, halitikisiki. Pua ya Askofu haikuwapo tena.

Chumba cha nyuma hakipo. Jikoni hakupo. Mbele limebaki zizi na ngazi inayopanda kwenda hewani.

Urbain alikuwa amekwisha kushuka kutoka ngomeni. Wageni wake aliwateremsha kwa njia ya nyuma, wote wazima. Alikuwa anachimba kwa mikono. Nikamwuliza, “Clarisse yuko wapi? Mtoto yuko wapi?” Hakusimama kuchimba. Akasema, “Nilimlaza pale kwa sababu pana ubaridi.” Nikamwuliza tena. Akasema hivyo hivyo. “Nilimlaza pale kwa sababu pana ubaridi, Noémie. Pana ubaridi.”

Kijijini hakuna aliyewaona mkitoka. Tuliuliza kila mlango. Dereva wa basi alikuwa ameshapita kwenda Figeac, na simu bado imekatika. Basi tukajua mko chini. Watu wote walikuja, na wa kijiji cha pili, na padre akiwa amevua kanzu. Kila jiwe tulilolinyanyua nilifumba macho kwanza. Tulikuta viatu vyake vidogo, Clarisse. Tulikuta gauni la buluu. Nililivuta nikidhani yumo ndani yake. Halikuwa na mtu, nikaanza tena.

Bibi Zélie tulimpata asubuhi, kitandani, blanketi limemfika kidevuni. Uso wake haukuwa na jeraha. Kando yake kitanda cha mtoto kilikuwa kimelala chini ya jiwe ambalo wanaume kumi hawakuweza kulisogeza. Wakaenda kutafuta mashine ya kuinulia mawe. Mimi nikakaa pale, nikaweka mkono juu ya jiwe, nikamwimbia.

Ndipo Sidonie wa posta akaja akikimbia, barua mkononi. Alikuwa ameona muhuri wa Figeac na tarehe. Alinirushia.

Nilisoma jina langu, “Kwa Bi. Noémie Delsol”, mwandiko wako, hasira yako. Nikasoma kwa sauti. Nilisoma matusi yote mbele ya padre na mhandisi na kijiji kizima, nimepiga magoti vumbini, na kila tusi nilikuwa nasema, “Yu hai! Sikilizeni anavyonitukana, yu hai!” Nilipofika “sina dada” nililibusu neno hilo. Watu walidhani nimerukwa na akili. Urbain alininyang'anya karatasi akaitazama, na yeye hajui kusoma mwandiko wako hata siku za kawaida, akalia mpaka wakambeba.

Basi usiniombe msamaha. Kama ungenipenda siku ile, kama ungesema, ngoja, dada ana sababu, nimngoje arudi, ungekuwa chini ya jiwe lile na mwanao.

Bibi Zélie tumemzika juzi. Skafu aliyompa Mireille alikuwa hamruhusu mtu yeyote kuigusa. Mtunzie.

Urbain haongei. Mchana anakaa amegeuza kiti, mgongo kwenye genge. Naogopa ukimya wake kuliko nilivyouogopa ule ufa. Ufa ulikuwa na sauti.

Sikujua juu ya kifua kikuu. Naapa. Wewe ulikuwa unaogopa nisijue, mimi nilikuwa naogopa usije, na kila mmoja alidhani mwenzake anamkimbia. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na sisi kilitufikia hadi mlangoni.

Dada yako, ukipenda,
Noémie


Saint-Étienne, 2 Julai 1952

Dada yangu,

Nimeisoma nikalia, nikaisoma tena. Sikumwambia Mireille juu ya kitanda. Nimemwambia tu kwamba Bibi Zélie amefariki usingizini. Akauliza kama ni yeye aliyemwambukiza. Nikamwapia kwamba sivyo, sijui kama ameamini. Amelala amejifunga ile skafu, haitoi hata kwa joto hili.

Jana imekuja habari ya hospitali. Kitanda kimepatikana milimani, mtoto mmoja ameondoka kabla ya muda. Hawakusema ameondoka vipi, nami sikuuliza. Nampeleka Jumatano ijayo. Kuna dawa mpya ya sindano, wanasema wengi wanapona. Léonce hakuipata.

Naogopa, Noémie. Naogopa mlango wa hospitali ile. Naogopa watamchukua koridoni naye atageuka kunitazama, nami nitatakiwa kutabasamu. Nilikuwa nataka kukuomba uje, lakini una msiba, una Urbain. Tena daktari amesema wazi kwamba maradhi haya yanaambukiza kwa pumzi, watu wakae naye mbali, hasa ndani ya treni madirisha yakiwa yamefungwa. Kwa hiyo usije. Tuombee tu.

Mdogo wako,
Clarisse


Roquevignal, 5 Julai 1952

Clarisse,

Nitafika Jumanne kwa treni ya jioni. Urbain atakaa na padre. Ni yeye aliyesema “nenda”, na ndilo neno la kwanza kumtoka tangu mazishi.

Umeniandikia nikae mbali na mtoto. Nimefukua mlima nikimtafuta huyo, kucha zangu bado hazijaota. Kwenye treni atakaa juu ya mapaja yangu.

Noémie